Kufufua fonti ya mwandiko kutoka kitabu cha zamani

Ndugu, umesema una kitabu cha sampuli za herufi za risasi (herufi za kuchapia zilizoyeyushwa kwa madini ya risasi), umeskani mwandiko wa kuunganisha, ukaacha programu ichore yenyewe, na sasa herufi zinatetemeka na haziungani. Nami nilianzia hapo hapo.

Kwanza, achana na uchoraji wa otomatiki. Wino husambaa kwenye karatasi, kwa hiyo unachokiona si umbo halisi la herufi. Skani upya kwa nukta 1200 kwa inchi, linganisha "a" kadhaa, kisha chora kwa mkono ukiweka nukta chache kwenye ncha za mikunjo, yaani sehemu za juu, chini, kushoto na kulia kabisa. Programu ya kutengeneza fonti, FontForge, ni ya bure na inatosha.

Kuungana ndiko kwenye kazi. Amua kimo kimoja ambapo mkia wa kila herufi utatokea na ijayo itapokelewa. Zile sumbufu, "o", "b", "v" na "w", mikia yake hutokea juu, hivyo zitengenezee maumbo mbadala yanayojibadilisha kulingana na jirani. Usiogope kurekebisha: mbunifu wa herufi Matthew Carter alipotengeneza fonti ya Snell Roundhand miaka ya 1960 kutokana na mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa zamani, upigaji chapa kwa picha (herufi hupigwa picha kwenye filamu) ulimpa uhuru ambao risasi ilikuwa ikiunyima.

Kuhusu kuuza, tahadhari. Marekani umbo la herufi halilindwi na hakimiliki, ila programu ya fonti hulindwa, na jina linaweza kuwa alama ya biashara. Nchi nyingine sheria ni tofauti. Muone mwanasheria kabla hujaitoa, na ipe jina jipya.