Masomo tisa, kichwa kimoja: nilivyosoma mimi, kuanzia chumvi ya Uvinza

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Umesema uko nyumbani likizo ya Desemba, umemaliza upimaji wa kidato cha pili, Januari unaingia cha tatu na unatakiwa kuchagua mchepuo. Historia na Kiswahili unafaulu vizuri, Hisabati na Fizikia unapata F. Ukauliza kama uachane na sayansi moja kwa moja, kwa sababu "masomo tisa ni mizigo tisa na kichwa ni kimoja". Wengi waliotangulia kukujibu wamekwambia ufuate ulichojaliwa. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, maana kidato cha pili nilikuwa hapo hapo ulipo. Hisabati 18, Fizikia 22, Historia 71. Leo ni mpima ardhi, kazi yangu ni pembe, umbali na ramani kutwa nzima. Kilichobadilika katikati hapo hakikuwa akili.

Nimezaliwa Uvinza, mkoa wa Kigoma. Sekondari nikapangiwa shule ya bweni mkoa wa Pwani, upande wa pili wa nchi. Kidato cha kwanza, kwenye Historia, tulifika mada ya uzalishaji kabla ya ukoloni. Mwalimu akaandika ubaoni mifano ya mahali palipotengenezwa chumvi, na wa kwanza ulikuwa Uvinza. Niliweka kalamu chini. Sikuwahi kufikiri kwamba kwetu kunaweza kuwemo kitabuni. Bibi alikuwa akinisimulia jinsi wazee walivyochota maji ya chumvi kwenye chemchemi za huko karibu na mto Ruchugi, wakayachemsha kwenye vyungu mpaka chumvi ikabaki, watu wakaja kuinunua kutoka mbali. Mimi nilidhani ni hadithi za bibi tu.

Haikupita muda, kwenye Kemia tukaingia mada ya kutenganisha michanganyiko. Umepewa chumvi iliyochanganyika na mchanga: tia maji, koroga, chuja, chemsha mpaka maji yaishe. Wenzangu walikariri hatua kwa mpangilio wake. Mimi sikuhitaji kukariri, kwa sababu vyungu vya bibi vilikuwa mbele ya macho yangu. Mwalimu alipouliza kwa nini tunachemsha badala ya kuchuja tena, nikanyoosha mkono. Nilijibu kwamba chumvi ikishayeyuka inapita kwenye chujio pamoja na maji, ndiyo maana wazee hawakuchuja, walichochea kuni. Nilikuwa sijawahi kunyoosha mkono kwenye somo la sayansi.

Kwa bahati mbaya sikuelewa maana ya siku ile. Niliona nimebahatika swali. Nikarudi kusoma kama kila mtu: daftari la Kemia likifungwa, Kemia imefungwa, linafunguliwa la Jiografia kana kwamba limetoka dunia nyingine. Kidato cha pili hatukuwa na mwalimu wa Fizikia kwa muhula mzima, tukawa tunanakili tu maelezo kutoka kwa kaka zetu wa kidato cha tatu. Kwa hiyo zile 18 na 22 hazikuwa za kushangaza.

Mambo yalibadilika kidato cha tatu, mwezi wa Ramadhani. Baba alipiga simu ya mwalimu wa zamu, nikaitwa kuongea naye. Sisi tulikuwa tumeshafuturu, tumeswali Magharibi, tunajiandaa kwenda prepo, kipindi cha kujisomea usiku. Nikamuuliza baba amefuturu nini. Akaniambia, "Mwanangu, huku jua bado halijazama." Nchi moja, saa ya ukutani ni ile ile, na baba yangu bado amefunga!

Kesho yake nikamfuata mwalimu wa Jiografia. Hakunijibu kwa mdomo, alichukua chaki. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Shule yetu ilikuwa karibu na longitudo 39 Mashariki, Kigoma iko karibu na 30. Tofauti ni nyuzi tisa. Tisa mara nne ni 36. Baba alikuwa anafuturu kama dakika 36 baada yangu. Halafu akaniongezea jambo ambalo sijalisahau: saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45, na mstari huo haupiti kabisa Tanzania, unapita Somalia. Kwa hiyo sisi sote jua linatufikia katikati ya anga baada ya saa sita mchana. Kule kwetu ni nyuzi 15 pungufu, yaani saa nzima, karibu saa saba. Jumamosi nikasimamisha kijiti uwanjani na kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kivuli kilikuwa kifupi kabisa kwenye saa sita na nusu hivi. Wenzangu walidhani nimechanganyikiwa na njaa.

Muhula ule ule Hisabati ikaleta mada ya dunia kama tufe. Darasa zima lilikuwa linalalamika: longitudo, latitudo, kosaini, ya nini yote haya? Mimi nilikuwa na swali langu binafsi tayari. Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mbali kiasi gani? Nyuzi tisa, kila nyuzi moja kwenye ikweta ni kama kilomita 111, jibu ni 999. Lakini sisi hatuko kwenye ikweta, duara la latitudo linapungua kadiri unavyoiacha, na kinachokwambia limepungua kiasi gani ni ile kosaini niliyokuwa naichukia. Nikachukulia sehemu zote mbili ziko nyuzi 6 Kusini, ingawa Kigoma iko kaskazini kidogo ya hapo, nikazidisha kwa kosaini ya 6. Ikaja takribani kilomita 993. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, ina kilomita zipatazo 1,250. Nikakaa nikijiuliza hizo zaidi ya 250 zimetoka wapi, na jibu likanirudisha kwenye Jiografia: treni haikati njia kama ndege, inakwepa milima na kufuata mabonde.

Na Historia nayo ikaingia bila kuitwa. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ni hiyo hiyo, Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Mwandishi wa habari Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kumkuta mmisionari Livingstone Ujiji Novemba. Nilipokuwa nasoma tarehe hizo kidato cha pili zilikuwa namba za kukariri. Sasa nilikuwa najua umbali kwa mahesabu yangu mwenyewe, nikawafikiria wapagazi waliobeba mizigo mabegani kwa miezi ardhi ambayo mimi naivuka kwa treni nikiwa nimekaa. Nadhani sijawahi kuisoma Historia kwa uchungu kama wiki ile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kilichotokea kwenye chumvi hakikuwa bahati. Kichwa changu kinashika kitu kikiwa na pa kujishikiza, na pa kujishikiza panaweza kuwa kwenye somo jingine kabisa au nyumbani kwenu.

Nikanunua daftari moja dogo la kurasa 40 ambalo halikuwa la somo lolote. Kila nilipokutana na jambo linalojirudia kwenye somo jingine nililiandika humo. Ukurasa uliojaa kuliko yote ulikuwa wa mwinamo, ule wanaouita gradienti. Kwenye Hisabati ni badiliko la wima kugawanya kwa badiliko la mlalo. Kwenye usomaji wa ramani ni tofauti ya mwinuko kugawanya kwa umbali ardhini, kitu kile kile, isipokuwa kwanza unabadili sentimita za ramani kuwa mita kwa kutumia skeli. Kwenye Fizikia tulifunga jiwe kwenye uzi, tukalibembeza, tukapima muda wa mibembeo 20 ya kwenda na kurudi. Uzi wa mita moja ulitupa kama sekunde 40, yaani sekunde mbili kwa mbembeo mmoja. Unachora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu wa uzi, unatafuta mwinamo wake, unapata karibu 4, na kutoka hapo unapata mvutano wa dunia, karibu 9.8. Nilifanya zoezi lile mikono ikitetemeka. Mimi, wa 22, nimeipima dunia kwa jiwe na uzi, kwa hesabu ile ile ninayoitumia kujua kilima kwenye ramani kina mwinamo gani.

Osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea kwenye chumvi nyingi, nayo niliikuta mara mbili, kwenye Fizikia na kwenye Baiolojia, na mara zote nilimuona mama akipaka samaki chumvi na maji yakitoka.

Sasa nikwambie kuhusu lugha, maana naamini F zako kwa sehemu kubwa ziko hapo. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, na siku hizi Historia ya Tanzania na Maadili. Kiingereza kina maneno yanayovaa nguo tofauti kila somo. "Power" kwenye Hisabati ni kipeo, kwenye Fizikia ni kasi ya kufanya kazi, kwenye Uraia ni mamlaka. "Solution" kwenye Kemia ni myeyusho, kwenye Hisabati ni jawabu. "Cell" kwenye Baiolojia ni seli, kwenye Fizikia ni betri. Kiswahili kimeyatenganisha vizuri, kila jambo na neno lake. Mimi nilikuwa nasoma swali la Fizikia, neno nalijua, nikadhani nimeelewa swali. Sikuwa nimeelewa. Kurasa za mwisho za daftari langu nikazifanya za maneno haya: neno, somo, maana yake kwa Kiswahili.

Pamoja nayo, maneno ya kuamrisha kwenye mtihani. "State" ni taja, usipoteze muda. "Explain" ni eleza, taja halafu fafanua. "Account for" ni toa sababu. Kwenye jaribio moja la Baiolojia niliulizwa nitoe sababu, nikaorodhesha mambo matano yote sahihi, nikapata sifuri kwenye swali lile. Nililia. Lakini nilipochukua kosa lile na kulitazama kwenye karatasi zangu za zamani za Jiografia na Historia, niliona nilikuwa nalirudia kosa moja kwenye masomo matatu. Kulirekebisha mara moja kulinipandisha yote matatu.

Sitaki nikudanganye kwamba njia hii inamaliza kila kitu. Elementi 20 za kwanza nilizikariri, tena kwa kuimba. Fomula za duara nilizikariri. Kuna watu humu wanadharau kukariri, mimi sikubaliani nao. Na Hisabati haiji kwa kuelewa peke yake. Nilikuwa nafanya maswali kumi kila usiku, hata siku za mitihani ya masomo mengine, na miezi miwili ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu nilipata 31, ambayo ni D ya kuponea. Mtihani wa taifa nikapata B. Fizikia C. Sikuwahi kuwa wa kwanza darasani.

Kuhusu mchepuo: sikwambii uchague sayansi. Kama moyo wako uko kwenye Historia, nenda, ni somo kubwa. Ninachokuomba ni usiikimbie Hisabati ukidhani ukienda sanaa imekuacha. Haitakuacha, itakufuata hadi kidato cha nne, na mbele yako, kidato cha tano, kuna tahasusi za masomo matatu kama EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) zinazoihitaji. Na chochote utakachochagua, usiiache Jiografia. Katika masomo yote niliyosoma, hilo ndilo lenye milango mingi ya kuingilia mengine. Mimi niliingilia hapo nikatokea PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati.

Pia usiangalie sana zile pointi. Najua daraja linatokana na pointi za masomo saba bora, na pointi saba hadi 17 ni daraja la kwanza, kila mwanafunzi anazijua hizo namba kuliko jina la mwalimu wake. Zinawafanya watu waanze kuhesabu masomo ya kutupa kabla hawajayasoma.

Una wiki nne kabla shule hazijafunguliwa. Chukua kitu kimoja kinachofanyika kwenu kila siku, mama au baba anakijua vizuri, kiwe ni mashua, mkaa, maziwa, ufyatuaji wa matofali, chochote. Kiandike katikati ya ukurasa, halafu pitia madaftari yako yote ya kidato cha kwanza na cha pili ukitafuta kinagusa wapi. Usiruke ya Fizikia. Ukikwama rudi hapa uandike kwenu ni wapi na mnafanya kazi gani, nitakaa nawe tukifuatilie somo kwa somo. Jioni huwa niko mtandaoni, baada ya Magharibi ya Kigoma.