Miaka 15 gazetini, niende mafunzo ya maltimidia?
Kaka, unauliza kama mtu aliyefanya kazi gazetini miaka 15 aende hayo mafunzo ya wiki moja ya video na sauti kwa timu, unaogopa madogo watakucheka. Nenda bwana! Stori unazijua, mashine mtu anajifunza. Ila kwenye timu usikimbilie kuandika, hapo ndo utapoteza wiki bure, komaa na kamera au kuediti sauti. Kabla ya kwenda fildi choreni stori kwenye karatasi, ipi iwe video, ipi ramani, ipi maandishi, manake vyote vikisema kitu kilekile msomaji anachoka. Shoti ya video shikilia sekunde 10 bila kutikisika, na rekodi kelele za mazingira, mie nilisahau, kwenye video yangu soko zima likawa bubu 😂 Hedifoni usiache nyumbani.