Kwa nini roketi haipinduki ikipaa, na inatuaje ikiwa wima?

Mwenzetu ameuliza: roketi inasukumwa kutoka chini, mbona haipinduki? Na Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ambayo sehemu yake ya chini hurudi ardhini, inarudije ikiwa imesimama? Mimi ni mlezi wa chama cha sayansi cha wanafunzi hapa Kisumu. Tunarusha chupa za soda kwa maji na pampu ya baiskeli, na nitaanzia hapo kwa sababu kanuni ni ileile.

Kuna sehemu mbili za kuangalia. Moja ni kitovu cha uzito, pale chupa inapotulia ukiilaza juu ya kidole. Nyingine ni pale nguvu ya hewa inapoelemea. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya hapo, karibu na pua, roketi ikienda upande hewa yenyewe huurudisha mkia kwenye mstari. Kikiwa nyuma, hewa huzidi kuipindua. Ndiyo maana tunabandika mapezi mkiani na donge la udongo wa mfinyanzi puani.

Kabla ya kurusha, wanafunzi hufunga kamba kwenye kitovu cha uzito na kuizungusha chupa tupu juu ya kichwa. Pua ikitangulia, twende kazi. Mkia ukitangulia, udongo unaongezwa. Lakini msifikiri mapezi yakiwa makubwa zaidi ndiyo bora: alasiri upepo wa ziwa ukianza, roketi ya namna hiyo huelekeza pua upepo unakotoka na kukimbilia ziwani. Sisi hurusha asubuhi.

Roketi kubwa nyingi haziyategemei mapezi. Ni sawa na kusimamisha mwiko kiganjani: ukiegea, unausogezea mkono. Jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, huhisi mwegemeo, kompyuta inainamisha injini. Kwenye Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini, injini nne za pembeni za hatua ya kwanza (sehemu ya chini inayowaka kwanza) ziliinama, ya katikati haikusogea. Vihisi vikikosea ni balaa. Julai 2013 roketi ya Proton ya Urusi iliruka huku baadhi ya vihisi vya mzunguko vikiwa vimefungwa juu chini. Ikapinduka na kuanguka muda mfupi tu baada ya kuruka.

Hapa Kenya tuna mfano wetu. Roketi ya Scout iliyobeba setilaiti ya Uhuru kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na hatua nne, na ile ya mwisho ilitulizwa kwa kuzungushwa kama pia.

Sasa kushuka. Falcon 9 inaporudi, matangi yake karibu yamekauka, kwa hiyo uzito mwingi uko kwenye injini zilizo chini, na chini ndiko kunakotangulia. Mapezi manne ya kimiani yamefunguka juu, nyuma ya mwendo. Ni mpangilio uleule wa udongo wetu puani, ila umegeuzwa! Huko juu hewa ikiwa haba, vijeti vya naitrojeni ndivyo huigeuza. Karibu na ardhi injini ya katikati huwashwa kupunguza mwendo; mwendo ukipungua mapezi hayana nguvu tena, basi injini hiyo ndiyo inainama huku na kule kuishika wima mpaka miguu minne iguse chini.