"And" mbili, sentensi ngapi?

Dada, umeuliza kama "Neema and her aunt fry sambaza and sell them at Kadutu" (sambaza ni samaki wadogo, Kadutu ni soko la hapa Bukavu) ni sentensi moja au mbili, kwa kuwa "and" imetokea mara mbili. Ni moja. Usihesabu "and"; tafuta kitenzi kwanza, kisha uliza nani anatenda.

Vitenzi ni "fry" na "sell". Nani wanakaanga? Neema na shangazi yake. Nani wanauza? Walewale. Basi kiima (wanaotenda) kina majina mawili yaliyounganishwa, na kiarifu (kinachosemwa juu ya kiima) kina vitenzi viwili vya kiima hichohicho.

Kinachotukwaza sisi wa Bukavu ni Kiswahili chenyewe. Tunasema "wanakaanga na wanauza", ile "wa-" inarudi kila mara, kwa hiyo mkono unataka kuandika "they" kila mahali. Kifaransa cha shuleni nacho kinachochea: "Neema et moi, nous…", yaani "Neema na mimi, sisi…". Sasa ukiandika "and they sell them", hapo kweli umepata sentensi ambatano (sentensi mbili zilizounganishwa), maana kitenzi cha pili kimepewa kiima chake.

Angalia na hii: "Neema, with her aunt, sells sambaza." Sokoni wako wawili, lakini kisarufi kiima ni Neema peke yake, ndiyo maana "sells" ina "s". (Hilo lilininyima alama nyingi!) Kwa "or", kitenzi hufuata jina lililo karibu nacho: "Neema or her sisters sell", ila "her sisters or Neema sells".