Jino la Buluu Ndani ya Simu

Swali: Mhariri, mjukuu wangu ameniambia kwamba Bluetooth maana yake ni jino la buluu. Jino limeingiaje kwenye simu?

Jibu: Mjukuu wako hakukosea, ila chimbuko la neno hilo ni lakabu ya Harald Blåtand (yaani Harald Jino la Buluu), mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuziunganisha Denmark na Norway. Mwaka 1997 Jim Kardach wa kampuni ya kompyuta ya Intel alilipendekeza liwe jina la muda tu, kwa kuwa teknolojia hiyo ya mawasiliano bila waya nayo ilikusudiwa kuunganisha kompyuta na simu. La muda, kama ilivyo ada, likadumu. Hebu itazame alama yake kwa makini: ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizobebana.