Kwa mnaoanza mashindano ya baiskeli mkiwa ndani ya timu: siku ya mvua

Siku ya jua, mwenye miguu mizuri anaweza kushinda hata kama timu yake haielewani. Siku ya mvua na baridi hawezi. Nawaambia mapema ninyi mnaojiunga msimu huu, kabla masika hayajatukuta kwenye mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu.

Wengi wanadhani hali mbaya ya hewa hupima uvumilivu. Uvumilivu unahitajika, sawa, lakini kinachowatoa watu mashindanoni mara nyingi ni vidole. Vikifa ganzi huwezi kubana breki sawasawa, gia hazibadiliki, hata pakiti ya biskuti inakushinda kufungua. Na asiyekula saa nzima kwenye baridi mwili wake unakosa nguvu ya kujipasha joto. Ndiyo maana kula kwenye mvua ni kazi ya timu nzima. Kabla ya kuanza, chaneni ncha za pakiti zote. Njiani mmoja apewe jukumu la kusema "kuleni" kila baada ya dakika 20, na akisema, hata kepteni atii. Mwenzako akishindwa, msogelee ubavuni umlishe. Hakuna aibu hapo. Maji nayo msiyaache kwa sababu tu kiu haisikiki. Chini ya koti jasho linatoka.

Koti lenyewe lina namna ya kupokezana. Anayelileta kutoka kwenye gari la timu alishike kwenye kola, limekunjwa, upepo usilijaze. Aje bega kwa bega na mwenzake, asimkabidhi kutoka nyuma. Anayevaa aingize mkono mmoja, aurudishe kwenye usukani, ndipo aingize wa pili, huku mwenzake amemshika mgongoni asiyumbe. Mkono wa koti ukinaswa na spoku za gurudumu la nyuma, mnaanguka wote wawili. Fanyeni zoezi hili uwanjani, pakiwa pakavu, mpaka muweze kulifanya huku mnapiga gumzo. Na livaliwe juu kabla ya kuanza kushuka. Ukingoja mpaka utetemeke, vidole havitaweza tena kufunga zipu.

Kwenye mteremko achaneni. Nafasi mnayoacha siku kavu haitoshi kabisa. Acheni urefu wa baiskeli kadhaa, na gurudumu lako la mbele lisilale sambamba na la nyuma la mwenzako hata kidogo. Breki za kubana rimu, yaani ukingo wa gurudumu, zikilowa, huanza kwa kufuta maji kwanza, kisha ndipo zishike. Za diski, zinazobana sahani iliyo katikati ya gurudumu, hushika karibu mara moja. Sasa fikiria wa mbele ana diski, wewe una rimu, na umemganda: akigusa breki tu, umeshamfikia. Kila mtu ajue mwenzake ana breki gani, na wenye rimu wakae mbele au mbali. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia kona vidole vikiwa vyepesi kwenye breki, pedeli ya nje ikiwa chini. Mistari iliyopakwa rangi na mifuniko ya chuma ipitwe baiskeli ikiwa wima. Hatari zaidi ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwa sababu mafuta ya malori yaliyokaa kwenye lami huelea juu. Tairi lipunguzwe upepo kidogo, paundi 5 hadi 10 zinatosha.

Upepo wa ubavuni unahitaji akili zaidi kuliko mvua. Mkifika tambarare za kuelekea Suswa, ukivuma kutoka kulia, wa pili akae nyuma kidogo kushoto kwa wa kwanza, wa tatu kushoto kwa wa pili, mpaka mpange mshazari, kila mmoja akikingwa upepo na aliye mbele yake. Anayemaliza zamu yake mbele hujitoa kuelekea upande upepo unakotoka, kisha anarudi nyuma taratibu. Zamu ziwe fupi. Safu ikijaza upana wa barabara, aliyekosa nafasi asijing'ang'anize ukingoni. Aanzishe safu ya pili na waliobaki naye. Hapa nina msimamo mkali: mazoezi ya mshazari yafanyike tu barabara ikiwa imefungwa, kamwe si katikati ya matatu.

Msiniletee mfano wa Bernard Hinault, yule bingwa wa baiskeli wa Ufaransa, kwamba kuvumilia tu kunatosha. Ni kweli mwaka 1980 alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège, Ubelgiji, kwenye theluji kwa zaidi ya dakika 9, na kati ya 174 walioanza walimaliza 21 tu. Lakini vidole vyake vilibaki na madhara ya kudumu. Mimi napendelea mjifunze kutoka mbio za Milan–San Remo, Italia, za tarehe 17 Machi 2013. Theluji ilifunga njia ya mlima Turchino, washindani wakavushwa kwa mabasi na kuanza tena upande wa pwani. Wengine hawakuendelea, nyota Mbelgiji Tom Boonen akiwemo. Mwishoni Gerald Ciolek wa MTN-Qhubeka, timu iliyosajiliwa Afrika Kusini, aliwashinda Peter Sagan na Fabian Cancellara. Mapumziko kama yale ya kwenye mabasi, kwa maoni yangu, huamuliwa na walio garini: nani ana glavu kavu, nani ana thamosi ya chai, nani anajua soksi za nani ziko mfuko gani. Kwa hiyo kila mmoja wenu afungashe mfuko wake wa mvua, auandike jina, na amwonyeshe dereva kilichomo kabla ya kuanza.

Mkimaliza, mwili kwanza: nguo zilizolowa zivuliwe kabla ya picha na salamu. Kisha baiskeli. Futa mchanga kwenye rimu na breki, kausha mnyororo, utie mafuta jioni hiyohiyo, ukague tairi kwa kidole kutafuta vipande vya chupa, maana tairi lililolowa hukatika upesi kuliko kavu. Msimwachie fundi, ana baiskeli za timu nzima, na kesho kuna mvua nyingine.