Mashine za chaji: angalia betri kwanza, rangi baadaye

Dogo mmoja wa Newala kanitumia meseji wiki hii, anasema kaka hela ya korosho imeingia, nataka ninunue drili na greenda za chaji nianze ufundi wa milango, halafu kaambatanisha picha ya drili imeandikwa 128VF kwa maandishi makubwa kama namba ya basi, anauliza hii si ndo ina nguvu kuliko zile za 20V? Nimecheka, ila sijamcheka yeye. Hiyo namba imeshawaliza wengi huku kusini na wauzaji wanaijua vizuri tu.

Sikia dogo. Ndani ya betri la hizo mashine kuna vibetri vidogo vya duara vya lithiamu, kila kimoja kina volti 3.6 hivi, vimeungwa vitano kwa mfululizo. Zidisha, unapata 18. Vikijaa kabisa kila kimoja kinafika 4.2, jumla 21, ndo maana kampuni moja inaandika 18V na nyingine 20V Max na betri ni zilezile. Hizo 48VF, 88VF, 128VF ni mapambo ya boksi. Kama huniamini geuza chaji iliyokuja nayo, soma yale maandishi madogo ya chini palipoandikwa OUTPUT, mara nyingi utakuta 21V. Sasa chaji ya volti 21 itajazaje betri ya volti 128? Muulize muuzaji hilo swali halafu mwangalie usoni.

Kingine ni uzito. Betri ya Ah nyingi (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) kwa kawaida ni nzito kuliko ya Ah chache, hakuna uchawi hapo. Yenye safu mbili ina vibetri kumi, na ile safu ya pili peke yake inaongeza karibu robo kilo, kwa hiyo ukishika "5Ah" ukaona nyepesi kama ya 2Ah, irudishe kwenye shelfu uondoke. Mimi nililiwa na duka moja hapa Mtwara, silitaji, betri kubwa la kutisha, kulifungua nakuta safu moja na nafasi tupu imezibwa kwa sponji. Nimerudi naambiwa fundi umelifungua mwenyewe garanti imekufa. Sasa bila kulifungua ningejuaje? Mpaka leo nikipita lile duka nahamia upande wa pili wa barabara.

Lakini nisiwatishe, mashine za chaji zimenitoa. Juzi tu nilikuwa Mikindani nafunga madirisha na gril kwenye nyumba ya mzee mmoja, umeme ukakata asubuhi, mafundi wenye mashine za waya wakaenda kukaa chini ya mwembe kupiga stori, mimi napiga kazi. Nabadilisha betri, naendelea. Umeme umerudi alasiri nakusanya vyombo. Mzee akaniita pembeni akanipa na kazi ya geti, na wale jamaa wanasikia kabisa. Sijisifu, ila ukweli usemwe.

Siri ni kwamba betri zangu nazitunza kuliko simu. Huku kwetu adui ni wawili, joto na chumvi. Betri likitoka kwenye kazi nzito ukiligusa lina moto usilichomeke kwenye chaji hapohapo, liweke kivulini lipoe kwanza. Usiliache kwenye stoo ya bati mchana wala kwenye dashbodi ya Noah. Likikaa muda mrefu bila kazi, mfano masika, liache na chaji nusu, sio tupu na sio limejaa. Na usichaji usiku juu ya godoro umelala, chaji juu ya sakafu ya saruji ukiwa macho, likijaa chomoa, umeme ukikata chomoa pia maana ukirudi unarudi kwa fujo. Likivimba au likitoa harufu ya ajabu hilo limekufa, litoe nje ya nyumba, usilitoboe, usilitupe kwenye moto wa takataka. Moto wa lithiamu sio wa kuchezea jamani.

Halafu kuna watu wanabeba betri kwenye mfuko mmoja na misumari, juu ya bodaboda, kutoka Chikongola mpaka Naliendele! Msumari mmoja ukigusa zile chuma mbili kwa pamoja umeunga shoti kwenye mgongo wako mwenyewe. Weka kile kifuniko cha plastiki, kilikuja nacho, mnakitupa cha nini?

Chumvi sasa. Ukifanya kazi Shangani au popote karibu na bahari, zile chuma za betri zinaota ukungu wa kijani. Mimi nafuta kwa kitambaa kikavu na mswaki wa zamani, napuliza vumbi kwenye matundu ya mota, basi. Simwagii maji wala oili.

Kwenye drili usivae glavu za nguo, ncha ikishika uzi inavuta kidole. Mpingo toboa kwa gia namba moja, toa ncha kila mara ipoe, na vaa barakoa maana vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Kubadilisha ncha au diski, chomoa betri kwanza. Chomoa, sio "nimeachia swichi".

Greenda ndo naongea kwa uchungu. Kuna mwenzangu niliyemchukulia kama ndugu aliazima greenda yangu, akang'oa kava, ile kinga ya diski, ili aweke diski kubwa ya mashine nyingine. Diski ya inchi nne na nusu imeandikwa mwisho wa mizunguko yake kwa dakika, kwa kawaida 13,300, lakini ukipanda ukubwa ile namba inashuka, na greenda yenyewe haijui umeifunga nini, inazungusha tu. Ilipasuka. Kipande kikaenda kukwama kwenye mlango wa mninga wa mteja, sio kwenye shingo ya mtu, Mungu mkubwa. Greenda ikarudi kwangu bila kava na bila samahani, akaniambia eti mimi mchoyo napenda sana vitu.

Sawa, mchoyo. Siku hizi ukitaka greenda yangu nakuja nayo mwenyewe, na kava lake, na miwani yangu usoni, nakukatia chuma chako na unanilipa.